Je, Tulipie Umbali Tusiousafiri?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo miaka kumi na mitano iliyopita lisingeulizwa sebuleni kwa mfanyakazi yeyote wa Mbeya, na ambalo leo linaanza kuulizwa. Mtu amedunduliza fedha zake, amepania kununua gari linalotumia umeme badala ya petroli. Fedha alizo nazo zinatosha gari lenye betri ndogo. Je, ajikamue zaidi ili apate lenye betri kubwa, ambalo kwa chaji moja huenda mbali zaidi? Katika nyumba yetu swali hilo lilikaa miezi mitatu. Lilitufanya tuhesabu, tubishane, tupige simu Iringa, na mwishowe tuamue. Nimeona si vibaya nikueleze njia tuliyoipita, kwani hata kama huna haja ya gari, kulipia uwezo ambao huenda usiutumie ni jambo linaloigusa kila nyumba.

Sisi tunakaa Uyole, katika nyumba ya kupanga. Mimi nafanya kazi mjini, mke wangu ni mwalimu upande wa Iyunga, na watoto wawili wako shuleni. Mama yangu mzazi anakaa Iringa, mtaa wa Kihesa, naye ametimiza miaka 78. Yeye ndiye aliyelifanya swali letu kuwa gumu. Kama tungekuwa na safari za Mbeya peke yake, tungelijibu kabla chai haijapoa.

MAGARI MAWILI

Gari tulilolifikiria ni Nissan Leaf, katika yale yaliyokwisha kutumika Japani na kuletwa kwetu yakiwa na usukani wa kulia. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 2010 likiwa na betri ya yuniti 24; na hapa yuniti ni ile ile unayoinunua kwa ajili ya mita yako ya LUKU. Baadaye zikaja betri za yuniti 30, kisha 40, na mwaka 2019 ikatoka ya yuniti 62. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, gari la kwanza kabisa lilikwenda kilomita 117 kwa chaji moja, la yuniti 40 kilomita 243, na la yuniti 62 kilomita 364. Hayo ni magari mapya, yaliyotoka kiwandani na betri zenye afya kamili.

Wakala alitutajia bei ya lile la yuniti 40 na bei ya lile la yuniti 62. Tofauti ya bei hizo mbili tuliijua vizuri sana, kwa sababu ilikaribiana na fedha tulizokwisha kadiriwa na fundi kwa ajili ya mabati na mbao za nyumba yetu, ambayo kuta zake zimesimama kiwanjani zikingoja paa.

Mke wangu, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, hakuchelewa kusema. "Baba watoto," alisema, "tutakuwa na gari linalofika Iringa, na mvua nayo itafika chumbani."

"Na Mama akiugua usiku, je?" nilimjibu.

Hakunijibu, na mimi sikuongeza. Hilo si swali la kutupiana maneno. Wote wawili tulijua kwamba hapo hatukuwa tukizungumzia betri tena.

HESABU YA MWEZI MMOJA

Tulikubaliana jambo moja, ambalo nakushauri na wewe ulifanye kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Tulichukua daftari la shule, tukaandika kila safari ya nyumba nzima kwa muda wa mwezi mmoja, iwe ya daladala, ya bajaji au ya gari la kuazima. Tuliandika tulikotoka, tulikokwenda na kilomita tulizozikadiria.

Mwezi ulipokwisha, daftari lilisema hivi. Siku ya kazi, tukijumlisha Uyole hadi mjini, Iyunga, shuleni, sokoni Mwanjelwa na kurudi, hatukuvuka kilomita 45. Jumapili zilikuwa fupi zaidi. Safari ndefu ilikuwa moja tu, ya kwenda Tukuyu msibani, ambayo kutoka kwetu ni kama kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, tena kwa kupanda na kushuka milima ya Rungwe. Iringa hatukwenda mwezi huo. Kwa kawaida tunakwenda mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Desemba.

Basi, kwa gari la yuniti 40, hata tukisema kwamba betri imekwisha punguza sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, tungekuwa na kilomita kama 219 mkononi. Siku ya kazi ingekula moja ya tano ya hizo. Msiba wa Tukuyu ungekula kidogo zaidi ya nusu, na mlima ungeongeza chake. Maana yake ni kwamba siku 360 za mwaka betri ndogo inatosha, na siku chache zinazobaki ndizo tunazoombwa kuzilipia bei ya paa.

Tulihesabu na umeme wenyewe. Gari la namna hiyo huenda kama kilomita 6 kwa kila yuniti iliyomo ndani ya betri, na sehemu fulani ya umeme hupotea njiani wakati wa kuchaji. Kwa kilomita 1,000 za mwezi mmoja tulipata yuniti zipatazo 190. Kwa viwango vilivyoidhinishwa mwaka 2016, yuniti ya mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 356. Hivyo kilomita moja inakaribia shilingi 70. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Chukua ya mwezi huu, uigawe kwa kilomita ambazo gari la jirani yako huenda kwa lita moja, ujionee mwenyewe.

Lakini angalia hapa, ndugu msomaji. Ikiwa nyumba yako iko katika kundi la watumiaji wadogo, wanaolipa shilingi 100 kwa yuniti mradi wasizidi yuniti 75 kwa mwezi, ujue kwamba siku utakayoanza kuchaji gari utalivuka kundi hilo. Taa na friji yako pia vitaanza kulipiwa bei ya juu. Jambo hilo halimo katika karatasi ya muuzaji, na halina uhusiano wowote na ukubwa wa betri.

Wapo waliotuambia kwamba betri kubwa ni kinga ya mgawo wa umeme. Hoja hiyo ina uzito kwa watu wanaoukumbuka mgawo wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023. Hata hivyo, betri ya yuniti 40 ikijaa, kwa matumizi yetu inakwenda siku nne bila kuguswa, na mgawo haukati umeme siku nne mfululizo. Tena, tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uanze kuzalisha umeme mwezi Februari 2024, na mitambo yote tisa ya megawati 2,115 kukamilika mwaka 2025, upungufu wa umeme wenyewe si ule wa zamani. Kinachobaki ni nguzo kuanguka na waya kukatika, na kwa hayo siku nne ni akiba ya kutosha.

BARABARA YA KWENDA KWA MAMA

Sasa tuje kwenye zile siku chache. Anayetoka Mbeya kwenda Iringa hupita Uyole, hupanda na kushuka milima ya Inyala, huingia Bonde la Usangu kwa Igurusi na Chimala, hufika Igawa. Hapo amekwisha kwenda zaidi ya kilomita 100. Kutoka Igawa hupanda kwenda Makambako hadi Mafinga, kilomita zipatazo 138, kisha Mafinga hadi Iringa ni karibu 70. Jumla ni kilomita mia tatu na kumi na kitu.

Kwenye karatasi, gari la kilomita 364 linafika na kubakiza. Barabara, hata hivyo, haisomi karatasi. Gari hilo tungelinunua likiwa limekwisha kutumika. Lipunguze sehemu moja ya kumi, zinabaki kilomita kama 328. Hakuna dereva mwenye akili anayeingia mjini betri ikiwa tupu kabisa. Weka akiba sehemu nyingine ya kumi, unabaki na 295. Halafu kuna mlima. Bonde la Usangu liko kama mita 1,100 juu ya bahari, na Mafinga inakaribia 1,900. Gari lenye watu na mizigo, uzito wa tani mbili, hutumia kidogo zaidi ya nusu ya yuniti kwa kila mita 100 za kupanda. Kupanda kutoka bondeni hadi Mafinga ni yuniti zisizopungua 4, yaani zaidi ya kilomita 20 za tambarare. Ni kweli kwamba mteremko hurudisha sehemu ya umeme betrini, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta gari linaposhuka, lakini haurudishi wote.

Je, haliwezi kufika? Linaweza, kwa masharti. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, bila kupasha joto ndani ya gari, utafika Iringa na kubakiza, kwa maana upepo unaolipinga gari huongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe, na mwenye mwendo mdogo hupata kilomita nyingi. Lakini usiku ule ambao tulikuwa tukiufikiria, usiku wa simu kulia saa saba na sauti ya jirani kusema Mama ameanguka, ni nani angekwenda pole pole? Ni nani, mwezi wa Julai, angevuka Makambako na Mafinga bila kuwasha joto na watoto wamo ndani? Kilomita tulizotaka kuzinunua kwa ajili ya usiku huo ndizo kwanza zingetutoroka usiku huo huo.

Na lile la yuniti 40 lingehitaji kuchajiwa njiani. Soketi ya kawaida ya ukutani huingiza yuniti kama mbili kwa saa, yaani kilomita 12 hivi. Kwa kilomita 100 za kumalizia safari ungekaa Makambako saa nane. Hiyo ni kulala, si kupumzika.

NENO LA MAMA

Nilimpigia Mama simu. Sikumweleza habari za yuniti. Nilimwambia tu kwamba tunataka gari la umeme na kwamba liko la bei nafuu lisilofika Iringa kwa mara moja, na liko la bei kubwa ambalo huenda likafika.

"Kamwene, mwanangu," alianza, kama kawaida yake, akaulizia wajukuu mmoja mmoja kabla ya kuligusa neno langu. Kisha akasema: "Nikianguka saa saba usiku, wewe utafika saa ngapi?"

"Alfajiri, Mama. Saa kumi na mbili, au saa moja."

"Na mpaka saa moja mimi nitakuwa nimelala wapi?"

Nilinyamaza.

"Hapa nyuma ya nyumba," akaendelea, "kuna kijana ana bajaji. Hulala hapo hapo. Kutoka hapa hadi hospitali ni muda wa kuchemsha maji. Wewe ukija asubuhi unikute nimetibiwa, hata ukija kwa basi sitakasirika."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalilihamisha swali letu kutoka mahali lilipokuwa. Tulikuwa tumeipima betri kwa kilomita kati ya mtoto na mama. Mama aliipima kwa kilomita kati ya mgonjwa na daktari, na hizo hazizidi chache, tena ziko Iringa, si Mbeya. Betri kubwa ingenituliza mimi ninapolala Uyole, na utulivu wa moyo wa mtoto ni kitu kizuri, lakini haungemsogeza mzee hata hatua moja kuelekea kitandani hospitalini.

Siku iliyofuata tulikaa tena na daftari. Sehemu ndogo ya ile tofauti ya bei tuliitenga iwe fedha ya dharura, tukaiweka mikononi mwa mdogo wangu aliyeko Iringa. Yeye alizungumza na kijana wa bajaji wakapatana nauli ya usiku, inayolipwa papo hapo bila majadiliano. Kadi ya bima ya afya ya Mama ilitolewa kabatini ikawekwa kwenye mkoba ulioning'inizwa mlangoni. Kuhusu mimi mwenyewe, tangu Oktoba 1, 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, njia ya Tunduma, Mbeya hadi Dar es Salaam haikosi basi linalopita Iringa. Nitapanda, nitafika, na dereva wake atakuwa na macho makavu kuliko yangu.

UMBALI ULIOFUNGIWA KUFULI

Kuna kisa cha Marekani kinachoonyesha vizuri ni nini hasa tunachouziwa. Mwaka 2016 kampuni ya Tesla iliuza gari aina ya Model S lililoitwa la yuniti 60. Ndani yake kulikuwa na betri ya yuniti 75, lakini nyingine 15 zilifungwa kwa programu ya kompyuta. Mwenye gari aliyetaka umbali zaidi alilipa maelfu ya dola, na kufuli likafunguliwa kutoka mbali bila fundi kugusa hata nati. Uzito wa betri nzima alikuwa akiubeba kila siku. Alichokilipia ni ruhusa ya kuutumia.

Mwezi Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Irma kilipoielekea Florida, na watu kwa mamilioni wakaambiwa wahame, kampuni iliyafungua kwa muda magari ya aina hiyo katika eneo hilo ili wenyewe waweze kukimbia. Wengi walifurahi, na wengi walishangaa. Mimi nimejifunza mambo mawili hapo. La kwanza, umbali wa ziada ni bidhaa inayouzwa kwa hofu ya siku mbaya, na hofu haina kipimo, kwa hiyo muuzaji anaweza kuipangia bei yoyote. La pili, siku mbaya ilipofika kweli, kilichosaidia ni uamuzi uliowahusu watu wote kwa pamoja.

BARABARA NDIYO BETRI

Na sisi wa nyanda hizi tuna historia yetu ya umbali. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta, na malori yaliyobeba mapipa yakaanza kupita Iringa na Mbeya katika barabara ya vumbi na matope, ambayo madereva wake waliibatiza jina la jehanamu. Jawabu halikuwa kumtaka kila dereva anunue lori kubwa zaidi. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola; barabara ikatiwa lami; na kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA inayopita Makambako na Mbeya.

Wenzangu tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka jambo jingine. Petroli ilikuwa adimu, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwenye gari aliyekwenda safari alibeba madumu ya mafuta nyuma ya kiti, na gari zima likanuka. Dumu lile lilikuwa ndiyo betri kubwa ya wakati ule. Leo ni nani anayenunua gari la petroli na kuuliza kama tangi lake litamfikisha Iringa? Hakuna. Matangi hayakukua, vituo vya mafuta ndivyo vilivyosogea, kila mji mdogo wa barabara hii una kimoja au viwili.

Majirani zetu wameanza kuliona hilo katika umeme. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kazi ya pikipiki za umeme ambazo dereva wake hainunui betri. Akifika kituoni huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na kuendelea na abiria wake. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2022, kampuni ya BasiGo imewapa wenye mabasi utaratibu wa kulipia betri kwa kila kilomita basi linayokwenda, badala ya kuibeba gharama yake yote siku ya kwanza. Katika miji hiyo yote miwili mzigo wa umbali umeondolewa begani mwa mtu mmoja na kugawanywa kwa wengi.

Kwa hiyo nasema, chaja moja yenye nguvu ikisimikwa Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inaiacha ile kuu, na nyingine Mafinga, zitakuwa zimeongeza betri ya kila gari litakalopita, la tajiri na la karani. Chaja ya kilowati 50 huweza kulijaza gari la yuniti 40 hadi asilimia 80 kwa muda wa saa moja hivi, muda wa kula chakula cha mchana. Halmashauri zetu, TANESCO, wenye vituo vya mafuta na wenye mahoteli ya barabarani wanaweza kulifikiria jambo hilo tangu sasa. Na watakapolifikiria, wakumbuke kwamba plagi za magari ya Japani, ya China na ya Ulaya hazifanani, wasije wakajenga kituo cha jamaa mmoja. Kujitegemea hakuna maana ya kila mtu kubeba kituo chake mgongoni.

NANI ALIPE ZAIDI?

Nisije nikaeleweka vibaya. Wapo watu wanaopaswa kulipia betri kubwa bila kusita. Dereva wa teksi anayekwenda Songwe kiwanja cha ndege mara nne kwa siku, betri ndiyo jembe lake, na jembe dogo halilimi shamba kubwa. Mfanyakazi ambaye kila wiki yuko Chunya, Tunduma au Kyela kwa ajili ya kazi yake, naye alipe. Tena ni haki kusema kwamba betri kubwa huchoka polepole zaidi, kwa kuwa kwa safari zile zile hujazwa mara chache. Ingawa huongeza zaidi ya kilo 100 katika uzito wa gari, na tairi hulijua hilo.

Lakini ikiwa wewe ni kama sisi, basi kabla ya kuuliza ukubwa wa betri uliza afya yake. Katika Nissan Leaf kuna vijistari 12 kando ya kipimo cha chaji vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Betri ya gari hilo hupozwa kwa hewa peke yake, na joto huidhoofisha. Kwa hiyo hali ya baridi ya Mbeya ni rafiki yake. Kijistari cha kwanza kikizimika, ujue uwezo umekwisha pungua kiasi cha asilimia 15. Betri kubwa iliyochoka yaweza kukupa kilomita chache kuliko uliyotajiwa, nawe umekwisha lipa bei ya kubwa. Na kabla ya kuchaji nyumbani, mwite fundi umeme aikague soketi na nyaya zake, kwani soketi kuukuu inayobeba mzigo mzito saa kumi na mbili mfululizo huweza kuwaka moto.

Sisi tumechukua gari la yuniti 40, lenye vijistari vyote 12. Fedha zilizobaki baada ya kutenga ile ya dharura zimenunua mabati, na fundi ameanza kazi kabla ya masika. Pasaka tutakwenda Iringa kwa basi, na Mama amekwisha sema tusisahau mchele wa Usangu.

Chukua daftari, ndugu msomaji. Andika safari zako za mwezi mmoja. Halafu mpigie simu yule unayetaka kumfikia kwa haraka, umwulize yeye mwenyewe anahitaji nini kifike kwanza.